Hodi ya Nne

Kosa lilianzia kwenye herufi moja. Mama Bosi aliisikia akiwa amepiga magoti mchangani, mikono yote miwili ndani ya begi, akitafuta kiatu cha mtoto ambacho hakikuwemo.

Kabla ya herufi hiyo, siku ilikuwa imeshaharibika vya kutosha. Safari ya kwenda kuona majabali ya jangwani ilikuwa wazo la mumewe, baba Bosi, fundi wa friji, mtu wa moyo mweupe na mipango mirefu. Aliona picha za majabali hayo kwenye simu, akaapa kwamba familia yake haitazeeka bila kuyaona. Hakujiuliza mtoto wa miaka miwili na nusu atafanya nini jangwani. Njiani walitumia saa tatu; Bosi alilia saa mbili na nusu, na nusu iliyobaki alitapika. Walimwita Bosi kwa sababu amri zake hazikuwa na rufaa. Neno lake kubwa lilikuwa "Taki!", kwa maana ile "si" ya mwanzo ilikuwa bado haijafika mdomoni mwake. Ukimvalisha kiatu cha kulia alitaka cha kushoto kwanza, na ukimpa cha kushoto alivivua vyote viwili akavitupa.

Hata getini walikoingilia hapakuwa na amani. Mama wa geti, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anawaeleza jambo huku Bosi akipiga mayowe ya kuchanganya bongo, na katika maelezo yote mama Bosi aliambulia neno moja tu: "...nyamazeni." Likamchoma.

"Ni mtoto huyu, mama," alijibu kwa hasira. "Hana kitufe cha kuzimia."

Mama wa geti alifungua mdomo aseme tena, lakini gari lilikuwa limeshaondoka.

Majabali yenyewe, kusema kweli, yalikuwa mazuri. Yalikuwa mawe ya mchanga, mekundu kwa manjano, tabaka juu ya tabaka, marefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Upepo ulikuwa umeyatoboa matundu kila mahali, mengine ya kuingia kidole, mengine ya kuingia ng'ombe. Mama Bosi angeyafurahia kama angekuwa na mkono mtupu. Alikuwa na begi la nguo, begi la chakula, dumu la maji, na kofia ambayo Bosi aliikataa. Tena nyumbani alikuwa ameacha mapazia ya hoteli nzima hayajakatwa, na mwenye hoteli alikuwa mtu wa kupiga simu kila asubuhi kuuliza "tumefikia wapi", kana kwamba anashona naye.

"Mama Bosi, njoo uone hili!" mumewe aliita kutoka mbele, simu juu. "Limekaa kama sikio!"

"Liangalie kwa niaba yangu."

Bosi, kwa upande wake, alikuwa amepata kazi. Alikuwa na ugonjwa wa kupiga hodi. Nyumbani alipiga hodi kabatini, kwenye ndoo, hata kwenye friji za wateja wa baba yake. Sasa mbele yake palikuwa na matundu yasiyohesabika. Alisimama kwenye kila moja, akalipiga jiwe kwa kiganja, akasema "Odi!" kwa sababu h haikuwahi kumtoka, kisha bila kusubiri akatumbukiza kichwa. Jiwe lilimrudishia sauti yake naye akacheka. Alipokata kona, kiatu kimoja mguuni, mama yake alimwacha. Alihitaji dakika moja tu ya kukitafuta hicho kingine.

"Odi!" ilisikika nyuma ya jiwe. "Odi!"

Halafu, karibu kabisa na sikio lake la kulia, sauti ndogo ikasema, "Hodi."

"Karibu, karibu," alisema mama Bosi bila kuinua kichwa, kama asemavyo mtu yeyote aliyebanwa na kazi.

Ndipo aliposikia alichokisikia. Hodi, yenye h safi kabisa. Aligeuka. Bosi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imenyooka mbavuni, kofia kichwani, viatu vyote viwili miguuni na vimefungwa vizuri.

"Mama," alisema, "nimechoka. Twende nyumbani."

Harufu ya vumbi lililonyeshewa na mvua ilimpiga mama Bosi puani. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kusingiziwa.

*

Garini mtoto alikaa kimya saa zote tatu. Baba Bosi alimtazama kwenye kioo akatabasamu mpaka magego.

"Unaona? Alihitaji hewa tu huyu."

Nyumbani maajabu yaliendelea, na kilichomkera mama Bosi kuliko yote ni kwamba yalikuwa maajabu ya kumshangilia mtu. Mtoto alikula kila alichopewa. Alilala alipoambiwa lala. Hakulia, hata alipobana kidole mlangoni. Alikitazama tu kidole, kama anakisoma. Mama yake alipokuwa kwenye cherehani, alikaa chini kando ya kiti akampa pini moja moja, zimepangwa kuanzia fupi mpaka ndefu. Mapazia ya hoteli yaliisha kushonwa siku mbili kabla ya ahadi.

Lakini hakutafuna. Alimeza. Na kila asubuhi mama Bosi alipokunja shuka alikuta mahali pa kichwa chake mchanga mwekundu, kiasi cha kikombe, mbichi, unanuka mvua. Kila alipotaka kuingia chumba chochote alisimama mlangoni akasema, "Hodi," na hakuinua mguu mpaka aambiwe karibu. Siku ya nne mama yake aliamua kumjaribu, akauma midomo asiitikie. Mtoto alisema hodi mara tatu, kwa upole, kwa kupumzika katikati, kama mgeni aliyelelewa vyema. Kisha akageuka, akaenda kukaa kwenye korido akautazama ukuta. Alikaa hivyo tangu mchana mpaka baba yake aliporudi kutoka kazini. Mama Bosi alipita nyuma yake mara sita.

Alimwambia mumewe. Ni afadhali angeiambia friji.

"Mama Bosi, nikuelewe vipi mimi? Juzi ulikuwa unalia kwamba mtoto anakusumbua. Leo unalia hakusumbui. Nikuletee yupi?"

"Niletee wangu!"

"Huyu wa nani?"

Alimwambia wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi wa wodi ya watoto. Wifi alimpima mtoto joto, akamwangalia macho na ulimi, akampigia makofi aone kama anasikia.

"Wifi yangu, mtoto mzima huyu. Amekua tu. Wewe ndiye unayehitaji kupumzika."

"Wifi, anasema h."

"Si ndiyo kukua kwenyewe?"

Mama Bosi alitaka kupiga ukuta ngumi. Mambo aliyokuwa nayo, akiyatamka, yote yalikuwa sifa njema. Mtoto wangu anatii. Mtoto wangu anavaa viatu. Ni nani wa kumwonea huruma? Usiku alijifungia bafuni akalia kwa hasira, na alichokuwa akikililia hasa ni kelele. Aliitaka "taki" yake. Alimtaka yule mkorofi aliyemchosha mpaka kwenye mifupa.

*

Siku ya tisa, saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya bati, alikuwa peke yake na mtoto, anapiga pasi pazia la mwisho, mtoto yuko chini na kopo lake la pini, aliposikia mlango wa nje ukigongwa kwa kiganja, polepole, chini kabisa ya mlango, pale ambapo mkono wa mtu mzima haufiki bila kuinama.

"Hodi," ikasema sauti ndogo nje.

"Hodi," ikasema nyingine.

Mtoto aliacha pini. Alimwinulia mama yake uso uliotulia.

"Mama, hao wenzangu," alisema. "Sema."

Mama Bosi hakusema. Aliweka pasi chini, akashika meza kwa mikono miwili, na harufu ya mvua ikaingia kwa chini ya mlango ikapanda mpaka kwenye pazia jeupe, na zile sauti zikawa tatu, zikawa tano, zikahamia dirishani, zikapanda juu ya bati, hodi, hodi, zote zina upole, zote zinapumzika katikati, wala hakuna iliyoharakisha wala iliyopaza, na mtoto akimwambia kila baada ya punde, "Mama, sema, wamechoka kusimama," naye akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe kwa kuwa aliuhisi ulimi unataka kutamka lile neno kwa mazoea tu, neno alilolitamka maisha yake yote kwa jirani, kwa mteja, kwa mwombaji, bila kulifikiria hata mara moja.

Kila sauti ilisema mara tatu, kisha zikanyamaza zote. Kwenye kizingiti, alipothubutu kufungua, palikuwa na mchanga mwekundu.

Mumewe aliporudi hakumpa nafasi ya kuvua hata viatu. Alimnyang'anya simu akatafuta video zote za siku ile, na moja ilimtosha. Baba Bosi mwenyewe ndiye aliyeipiga, wakati wanarudi kwenye gari: mke mbele na mabegi, mtoto pembeni yake, amemshika mkono, kimya, mdomo umefungwa. "Sikiliza," mama Bosi alinong'ona, akamwekea simu sikioni.

Nyuma ya sauti ya upepo, mbali, ndani ya mawe, palikuwa na mtoto anayelia kwa hasira. "Odi! Odi! Mama! Odi!"

Baba Bosi alisikiliza mara moja. Akasikiliza tena. Akaizima simu akaiweka chini.

"Mama Bosi," alisema kwa sauti ya chini sana, "nisamehe."

"Utaomba msamaha garini. Kesho alfajiri tunaondoka."

*

Mama wa geti alikuja dirishani, akamtazama mtoto aliyekaa kiti cha nyuma ametulia, akavua miwani.

"Nani aliitikia?"

"Mimi," alisema mama Bosi.

"Niliwaambia. Niliwaambia kwa mdomo huu, humo ndani mkibishiwa hodi, nyamazeni."

"Nilidhani unaninyamazishia mtoto!"

"Kila mara lazima apatikane mmoja wa kudhani hivyo!" Mama wa geti alipiga paa la gari kwa kiganja. Alikuwa na hasira ya mtu aliyerudia jambo moja miaka ishirini bila kusikilizwa. "Mimi si mganga. Marehemu mama ndiye aliyekuwa mganga. Mimi niliachiwa geti. Lakini hili nalijua. Mwili huo ni wa mwanao. Aliyemo ndani siye. Wako amebaki mle, anapiga hodi apate kurudi, na hana wa kumkaribisha."

"Tufanye nini?" baba Bosi aliuliza.

"Wewe, ufunge mdomo. Aliyekaribisha ndiye anayefukuza." Akamgeukia mama Bosi. "Mpeleke palepale. Mwambie atoke. Kavu. Usimwambie tafadhali, usimwambie samahani, hawa wana adabu kuliko sisi na neno la adabu hawaliachii. Akitoka, mwili utabaki mtupu. Hapo utasikia hodi nyingi. Uitikie moja tu. Na usichelewe, maana mwili mtupu haukai."

"Nitamjuaje wangu? Bosi hana h, nitasikiliza h."

"Siku kumi mwanao anapiga hodi mle, unadhani hawajaiga sauti yake?"

"Sasa nitamjuaje?"

"Mama ni wewe, dada yangu. Nikwambie mimi?"

Walimbeba mpaka mahali pale. Jua lilikuwa kali na matundu yote yalikuwa meusi. Mama Bosi alikaa mchangani akampakata mtoto, akamtazama usoni.

"Toka," alisema.

Mtoto aliinua macho. Kwa mara ya kwanza katika siku zote hizo uso wake ulikuwa na kitu kama huzuni.

"Mama, nimekosa nini?"

Mama Bosi aligeuza uso.

"Sikulii," mtoto alisema. "Nakula. Nakupa pini. Yule anakuchosha, ulisema mwenyewe. Mimi nakuchosha?"

Hakumchosha. Hilo ndilo lililomuuma. Siku hizo zote alikuwa amemwogesha, amemfunika, amempa mkono barabarani, na mwili wake ulikuwa umezoea. Machozi yalimtoka, akatamani kusema nisamehe, akalimeza neno lenyewe zima.

"Toka. Ondoka. Nyumba yangu si yako."

Mtoto aliinamisha kichwa, kama mgeni aliyeelewa. Kisha mwili ukalegea mapajani mwake, mzito, shingo imeanguka nyuma, na kifua hakikupanda.

"Odi," ikasema sauti kutoka kwenye tundu la juu.

"Odi," ikasema nyingine kushoto.

Baba Bosi alishtuka mdomo wazi, "Ka—" na mkewe akampiga kofi la paja mpaka akauma ulimi. Zilikuja kutoka kila upande sasa, odi, odi, zote ndogo, zote bila h, zote ni sauti ya Bosi hasa, na mama Bosi akageuza kichwa huku na huku akitafuta chochote, mkwaruzo, kikohozi, akaona midomo ya mwanawe inaanza kuwa ya kijivu, na hasira ikampanda mpaka akaona giza, hasira ya majabali, ya mumewe, ya mama wa geti asiyetoa jibu, ya kinywa chake mwenyewe, na katikati ya hasira hiyo akagundua kwamba zile sauti zilikuwa zinapumzika. Odi, kimya. Odi, kimya. Odi. Kisha zilikoma, moja baada ya nyingine, kila moja baada ya tatu.

Bosi wake, tangu azaliwe, aliwahi kumsubiri nani?

Alinyamaza. Aliacha zote zipite. Mumewe alimshika bega kwa nguvu, ananong'ona, "Mama Bosi, anakufa, sema chochote, anakufa," naye akatikisa kichwa. Majabali yakawa kimya kabisa. Kimya hicho kilikuwa kirefu kiasi kwamba alianza kuamini amemuua.

Kisha, katika kitundu cha chini karibu na goti lake, ambacho kisingetosha hata paka:

"Odi! Odi! Odi! ODI! Mama! Taki! Taki apa! ODI!"

"Karibu!" alipiga kelele mama Bosi. "Karibu, mwanangu! Karibu, baba!"

Mwili ulijikunja mapajani mwake. Mkono mdogo ukamchapa kofi la uso, teke likampata tumboni, Bosi akatapika mchanga mwekundu juu ya gauni lake, akavuta pumzi ndefu, akaangua kilio ambacho mama wa geti alikisikia getini akavaa miwani yake. Mama Bosi alimkumbatia huku anapigwa, anacheka na kulia kwa pamoja, na baba Bosi akakaa chini mchangani.

*

Waliondoka na madirisha wazi, maana Bosi alikataa yafungwe. Alikataa mkanda. Alikataa maji, kisha akayalilia maji. Alivua kiatu cha kushoto akakitupa nje, na hakuna aliyesimamisha gari kukifuata.

Walipokuwa wanaacha jabali la mwisho, kilio chake kilipokatika kidogo ili avute pumzi, waliisikia nyuma yao.

"Hodi," kwa upole. Ikapumzika. "Hodi." Ikapumzika. "Hodi."

Mama Bosi alishusha pumzi. Tatu. Imekwisha.

"Hodi," ikasema sauti ile mara ya nne, na sasa ilikuwa inalia. "Hodi! Mama! Hodi!"

Mguu wa baba Bosi uliachia mafuta. Midomo yake ilifunguka. Mkewe alinyoosha mkono akamziba kinywa kwa kiganja kizima, akakibana hapo, macho yake mwenyewe yanatiririka.

"Endesha," alisema.

Kwenye kiti cha nyuma Bosi alianza tena, kwa sauti yake yote, kudai kiatu alichokitupa. Mama Bosi alimwacha alie.